Mume ana kadi B huko Liège: nani kati yetu anaweza kumfuata, na tuanzie wapi hapa Lubumbashi?

Mama wa Katuba (muulizaji)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na ninaomba msaada wa wale waliopita njia hii wenyewe, kwa kuwa kila ninayemuuliza mtaani ananipa jibu lake na hakuna majibu mawili yanayofanana.

Mume wangu anaishi Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 2018. Alikwenda kusoma, kisha akapata kazi ya uuguzi, na mwaka jana alipewa kadi B, ile ya ukaaji usio na kikomo. Ndoa yetu iliandikwa kwenye etasivili ya komine, yaani ofisi ya manispaa inayoandikisha ndoa na vizazi, mwaka 2017, baada ya mahari kutolewa na familia zote mbili kukubaliana. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4, ambaye mimba yake niliipata baba yake alipokuja likizo. Pamoja nao namlea mtoto wa kwanza wa mume wangu, kijana aliyezaliwa kabla sisi hatujajuana. Mama yake mzazi anaishi Likasi, lakini kijana amekaa kwangu tangu alipokuwa darasa la tatu, na mimi ninamwita mwanangu bila kuongeza neno. Ana miaka 17 na amebakiza miezi saba tu kufikisha 18. Nyumbani yuko pia mama mkwe wangu, mjane wa miaka 68, ambaye sioni nitamwachia nani.

Kuna komisionere mmoja, dalali wa karatasi za safari, ametuambia kwamba tukimpa dola 3,000 atatutengenezea faili moja la watu wote watano, na kwamba kijana akishafikisha miaka 18 haitakuwa shida. Mume wangu anasita, na mimi pia nasita. Je, ni kweli tunaweza kwenda sote kwa faili moja? Na kama si kweli, ni nani mwenye haki ya kwenda na ni nani asiye nayo?

Mkaaji wa Liège

Mama, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kueleza mambo yako kwa mpangilio. Mimi nilimleta mke wangu na binti zetu wawili kutoka Kampemba, nikakosea mara moja na kurudia, kwa hiyo nitakuambia ninayoyajua.

Kwanza, fedha za huyo mtu zihifadhini. Faili moja la watu watano halipo. Kila mtu anaomba visa D yake mwenyewe, yaani visa ya kukaa zaidi ya siku 90, na kila ombi linachunguzwa peke yake hata kama yote yamewekwa mezani siku moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwenu ninyi ndilo la kushika kuliko yote, kwa sababu ya huyo kijana.

Haki ya kuungana na familia Ubelgiji inatokana na sheria ya wageni ya tarehe 15 Desemba 1980, na mlango utakaoupitia unategemea karatasi aliyonayo yule aliyetangulia. Mwenye kadi B anaangukia kifungu cha 10. Angekuwa mwanafunzi au mfanyakazi mwenye kadi A ya muda, mngepitia kifungu cha 10bis. Angekuwa amepata uraia wa Ubelgiji, mngekwenda kifungu cha 40ter. Ndiyo maana majirani wanakupa majibu tofauti: kila mmoja anasimulia mlango wa ndugu yake, na hajui kwamba wa mume wako ni mwingine.

Chini ya kifungu cha 10, wanaotambuliwa ni mke au mume, na watoto wasiofikisha miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wewe umo. Watoto wenu wawili wamo. Kijana pia yumo kwa kuwa ni mtoto wa mume wako, lakini kwa sharti kwamba baba awe na haki ya kumlea, na kama haki hiyo anaigawana na mama yake mzazi, basi mama huyo atoe idhini ya maandishi. Mama mkwe, kwa masikitiko, hayumo, na jambo lake nawaachia wengine wanaolijua vizuri zaidi yangu.

Sasa nirudi kwa kijana, maana hapo ndipo moyo wangu ulipokwama niliposoma maneno yako. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi zilizotoka Ubelgiji kwenyewe, iliamua kwamba umri wa mtoto unahesabiwa siku ombi lilipowasilishwa, wala si siku uamuzi unapotolewa. Maana yake ni kwamba kijana akiweka ombi akiwa na miaka 17, halafu Ofisi ya Wageni ya Brussels ikachukua miezi tisa kujibu, hapotezi haki yake kwa kufikisha 18 katikati ya safari. Lakini kuna shimo hapo, na watu wengi wameliangukia: sheria inasema tarehe ya ombi ni ile ambayo vithibitisho vyote vinavyotakiwa vimetolewa. Faili lenye pengo halisimamishi saa. Ukipeleka karatasi za kijana huku idhini ya mama yake wa Likasi ikiwa bado, na idhini hiyo ikapatikana baada ya siku yake ya kuzaliwa, utakuwa umechelewa ingawa ulifika mapema.

Kwa hiyo, kama ningekuwa wewe, ningelitenga faili la kijana na kulitanguliza. Nguvu zote za miezi hii ziende kwake. Wewe na wadogo mnaweza kufuata baadaye kidogo bila kupoteza chochote, yeye hawezi. Na miadi ya kuweka faili muiombe sasa hivi, kabla karatasi zote hazijatimia, kwa sababu kungojea miadi nako kunakula wiki nyingi. Ubelgiji ina konsulati kuu hapo Lubumbashi: waandikieni muwaulize kama faili lenu litapokelewa hapo hapo au litatakiwa Kinshasa, kabla mtu hajakata tiketi ya ndege.

Upande wa mume wako kuna mambo matatu. Awe na nyumba inayofaa, yenye mkataba wa kupanga ulioandikishwa. Awe na bima ya afya itakayowafunika wote. Awe na kipato cha kudumu, cha kawaida na cha kutosha, na hapo msaada wa jamii unaotolewa na manispaa hauhesabiwi. Kuhusu kiasi, kuweni macho, kwa sababu sheria mpya ilianza kutumika mwezi Agosti 2025 na maelezo mengi ya zamani bado yanazunguka mitandaoni. Zamani kipimo kilikuwa asilimia 120 ya kile kiwango cha msaada wa kujikimu. Sasa ni asilimia 110 ya mshahara wa chini unaohakikishwa kitaifa, na huongezwa asilimia 10 kwa kila mwanafamilia wa ziada. Kwa mke na watoto watatu, hesabu inapanda. Hata hivyo, kipato kikipungua kidogo, Ofisi haitakiwi kukataa kwa kutazama namba peke yake, bali inapaswa kupima mahitaji halisi ya familia hiyo. Kwa hiyo mume wako aambatanishe pia karatasi ya kodi anayolipa, gharama za umeme, na madeni kama yapo, ili anayesoma aone maisha yenu kama yalivyo.

Gharama rasmi zipo: ada ya visa, na mchango wa takribani euro 200 kwa mtu mzima unaolipwa kwa Ofisi ya Wageni. Walio chini ya miaka 18 hawalipi mchango huo. Mkinyimwa, mna siku 30 tu za kukata rufaa kwenye Baraza la Mashauri ya Wageni huko Brussels, na rufaa hiyo iandikwe na wakili.

Karani wa zamani, komine ya Kenya, Lubumbashi

Mama wa Katuba, nimefanya kazi ya etasivili miaka mingi, sasa nimestaafu. Kaka wa Liège amesema vema kuhusu kule, lakini mimi nimeona mafaili mengi yakifia huku kwetu kabla hayajafika popote, na karibu kila mara sababu ilikuwa majina.

Chukua karatasi zote za nyumba yako, uzitandaze juu ya meza: akti (cheti rasmi cha etasivili) ya ndoa, akti za kuzaliwa, pasipoti, kadi za kura, vyeti vya shule. Soma kila jina herufi kwa herufi. Hapa kwetu karani mmoja anaandika Mwamba na mwingine anaandika Muamba, na wote wawili wanaamini wameandika vizuri. Angalia pia mpangilio wa jina, jina la ukoo na jina la ubatizo, kwa sababu mara nyingi yanabadilishana nafasi kati ya akti na pasipoti. Angalia tarehe za kuzaliwa. Penye tofauti, usikubali mtu akufutie kwa wino mweupe au akuandikie akti mpya ya haraka haraka. Akti husahihishwa kwa amri ya mahakama, na yule anayekwambia kuna njia fupi anakuandalia kukataliwa kwa kosa la kughushi, jambo ambalo litamfuata mtoto hadi ombi la pili na la tatu.

Kuhusu kijana: je, kuzaliwa kwake kuliandikwa wakati ule, na je, jina la baba limo? Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto. Kama hakutangazwa ndani ya muda huo, na wengi wa rika lake hawakutangazwa, itabidi mwende mahakama ya watoto kuomba hukumu inayosimama mahali pa tangazo lililokosekana. Hukumu hiyo peke yake haitoshi. Muda wa rufaa upite, mpate karatasi ya mahakama inayothibitisha kwamba hakuna aliyekata rufaa, halafu hukumu iandikwe kwenye kitabu cha etasivili na mpewe akti. Ni hatua tatu, na kila moja ina siku zake. Miezi saba ni mingi kwa masikio, lakini kwa karani aliyekaa mezani ni michache, kwa hiyo usingoje wiki ijayo.

Idhini ya mama yake mzazi iandikwe vizuri, isiwe karatasi ya daftari yenye alama ya kidole. Aende mbele ya notere, yaani mthibitishaji rasmi wa hati, akiwa na kitambulisho chake, aseme wazi kwamba anakubali mwanawe, kwa majina kamili na tarehe ya kuzaliwa, aende kuishi kwa baba yake Ubelgiji moja kwa moja. Neno hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu idhini ya safari ya likizo haifanyi kazi hapa.

Baada ya hapo ndipo huja kuhalalishwa kwa karatasi: Wizara ya Mambo ya Nje ya kwetu kwanza, kisha ubalozi wa Ubelgiji. Tafsiri hamhitaji, maana akti zetu ziko kwa Kifaransa na Liège wanazungumza Kifaransa.

Mama wa Katuba (muulizaji)

Baba, umenigusa mahali penyewe. Nimetandaza karatasi kama ulivyosema. Akti ya ndoa na pasipoti yangu zinapatana. Akti ya mtoto wa miaka 4 ina jina la baba yake lenye herufi moja tofauti. Kijana hana akti kabisa, ana cheti cha ubatizo na kadi ya chanjo tu. Nimekaa nikilia kidogo, kisha nikampigia mume wangu.

Swali moja jingine: kwa huyu mdogo, aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha rudi kazini Ulaya, je, watatushuku?

Mkaaji wa Liège

Mama, usiogope hilo. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huchukuliwa kuwa wa mume. Weka kwenye faili nakala ya pasipoti ya mume wako yenye mihuri ya kuingia na kutoka Kongo mwaka ule, na tiketi zake kama bado zipo. Na kama wataona karatasi hazitoshi, wanaweza kuwapa nafasi ya kipimo cha DNA, ambacho sampuli zake huchukuliwa chini ya usimamizi wa ubalozi na familia hulipia yenyewe. Kwa kijana mwenye hukumu ya mahakama mahali pa akti ya zamani, mimi ningejiandaa kwa kipimo hicho tangu mwanzo. Si matusi kwenu. Kwa familia yenye ukweli ni msaada, na kwangu ndicho kilichofungua mlango wa binti yangu mkubwa baada ya ombi la kwanza kukataliwa.

Cheti cha ubatizo na kadi ya chanjo usivitupe. Havichukui nafasi ya akti, lakini mahakama ya watoto itavitazama, na hata Brussels huvitazama kama ushahidi wa kuunga mkono.

Dada wa Bukavu

Ninaomba niingize langu hapa kwa kuwa linahusiana. Kaka yangu amepata hadhi ya mkimbizi Ubelgiji miezi miwili iliyopita. Mke wake na watoto wako nami Bukavu. Mji wetu uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23 tangu Februari 2025, na kufika Kinshasa kwenda ubalozini ni safari ambayo mama mwenye watoto wadogo hawezi kuibeba. Je, hawa nao wanatakiwa kutimiza hayo ya kipato na nyumba?

Mkaaji wa Liège

Dada, pole sana kwa hali ya huko. Kwa mkimbizi anayetambuliwa masharti ni mepesi, lakini muda ni mfupi: familia iliyokuwapo kabla hajaingia Ubelgiji inasamehewa masharti ya kipato, nyumba na bima iwapo ombi litawekwa mapema baada ya kutambuliwa. Zamani walipewa miezi 12, na sheria ya 2025 imeishusha hadi 6. Kwa kuwa miwili imekwisha pita, mna minne. Mwambie kaka yako leo.

Kuhusu safari, tarehe 18 Aprili 2023 ile mahakama ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya familia iliyokuwa Afrin, kaskazini mwa Syria, ambayo haikuweza kufika ubalozi wowote wa Ubelgiji. Iliamuliwa kwamba nchi haiwezi kulazimisha watu wafike wenyewe siku ya kuweka ombi ikiwa kufika huko hakuwezekani au ni kugumu kupita kiasi. Wanaweza kuitwa baadaye, kwa alama za vidole na utambulisho. Kaka yako amwone wakili anayelipiwa na serikali, na wakili huyo aandike kwa ubalozi wa Kinshasa kwa barua pepe, aeleze hali ya Bukavu kwa ushahidi, na aombe faili lipokelewe kwa njia hiyo hiyo. Msipitie Kigali mkidhani mtapata ubalozi wa Ubelgiji hapo, maana Rwanda ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji mwezi Machi 2025.

Mwalimu wa Kampemba

Hakuna aliyemjibu mama kuhusu mama mkwe, na mimi nimelibeba jambo hilo kwa ajili ya mzazi wangu mwenyewe, kwa hiyo nitasema.

Sheria ya Ubelgiji haimpi mzazi wa mtu mzima mwenye kadi B haki ya kumfuata. Hata mume wako akipata uraia leo, mlango huo hautafunguka: tangu mabadiliko ya mwaka 2011, Mbelgiji anaweza kuwaleta wazazi wake kama yeye mwenyewe bado ni mtoto mdogo, si kama ni mtu mzima. Sisi tunaohesabu mama wa mume kuwa kitovu cha nyumba tunaona ni jambo la kuumiza, na mimi bado linaniuma, lakini afadhali kulijua mapema kuliko kumpa mzee matumaini na kumvunja moyo kwenye dirisha la ubalozi.

Kinachobaki ni mambo mawili. La kwanza ni visa ya muda mfupi, ya siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, ambayo mtoto wake anaweza kumdhamini, lakini ubalozi utataka kuona kwamba mzee ana sababu ya kurudi. Ukimweleza afisa kwamba nyumbani hakubaki mtu, umejifungia mwenyewe. La pili ni visa ya kibinadamu, ambayo hutolewa kwa hiari ya Ofisi ya Wageni, bila mtu kuwa na haki ya kuidai. Huombwa kwa mzazi aliyebaki peke yake, mgonjwa, anayemtegemea mtoto wake kwa kila kitu, na inahitaji ushahidi mzito: karatasi za hospitali, risiti za fedha zilizotumwa kwa miaka, uthibitisho kwamba hakuna mtoto mwingine nchini anayeweza kumtunza. Kwetu ilikataliwa, kwa sababu dada yangu yuko Likasi. Nawe jiulize kama mama mkwe ana binti au mtoto mwingine Katanga, kwa sababu swali hilo litaulizwa.

Ushauri wangu ni kwamba kikao cha familia kuhusu mzee kifanyike sasa, wakati wewe bado uko hapa, kisingoje siku visa zitakapotoka.

Mama wa Katuba (muulizaji)

Ninawashukuru wote, nanyi baba karani nakushukuru kwa namna ya pekee. Mume wangu amemjibu yule komisionere kwamba hatuendelei naye. Shemeji yangu mdogo wa Ruashi amekubali tuje kuzungumza Jumapili kuhusu mama, na mama mwenyewe amesema atakaa naye kama kuna chumba cha chini kisicho na ngazi.

Kesho asubuhi ninakwenda mahakama ya watoto na kijana, tukiwa na cheti chake cha ubatizo na kadi ya chanjo. Jumatatu tutapanda gari la Likasi kwenda kwa mama yake. Nilimpigia simu jana usiku, tuliongea kwa muda mrefu, naye aliniuliza jambo moja tu: kama kule mtoto atalala chumba kimoja na wadogo zake au peke yake. Nimemwambia nitamuuliza baba yake na kumletea jibu.